Korse Nilizoshona Bunia, na Ile Niliyoikata

Mumeniuliza ni santimetre ngapi mutu anaweza kupunguza kwenye kiuno cha bibi arusi mwenye mimba ya miezi mitano, ili bamama ya komite ya kanisa wasione kitu. Mumeuliza vizuri sana, na "bonjour Ya Neema", yaani dada mukubwa Neema, mbele na picha ya maua nyuma, kama mutu anayeomba chumvi kwa jirani.

Jibu ni zero. Hakuna hata moja. Kuko mutoto ndani.

Ningeweza kuzima telefone hapo. Lakini nyiye wawili, Grâce na Zawadi, ndiyo mumekalia kiti changu kwa atelye ya Mama Kahindo, na kama sitawaambia mimi, atawaambia kliyanti, na kliyanti huwa anajua neno moja tu: kaza. Kwa hiyo nitaandika. Mutasoma mupaka mwisho, na mukiona sentensi imekatika mujue binti yangu ameninyang'anya telefone, juu siku hizi anajifunza kusimama na kila kitu anataka kukishikilia.

Watu wanacheka nikisema niko retraitée, mutu aliyestaafu. Meno yangu yote iko kinywani, nywele hakuna hata moja nyeupe. Sawa, wacheke. Nilitoka sekondari na diploma ya kukata na kushona, nikaingia kwa Mama Kahindo, na tangu hapo nimeshona korse, zile nguo za ndani za kukaza kiuno, mupaka vidole vikawa na ngozi kama kisigino. Sasa nimeacha. Nitawaambia juu ya nini nimeacha, sababu yenyewe iko habari ya binti mumoja anaitwa Dorcas. Lakini kwanza lazima mujue kitu munachoshika mukononi, juu ile korse ya picha mumenitumia, balene zake mumezipanga zimepinda kwa nje. Balene ni zile fimbo nyembamba za ndani, nasema kwa yule atakayesoma na hajui. Kwa nje, Zawadi. Bibi arusi atafanana na pipa.

Mama Kahindo alijifunza kushona kwa masista, kule Butembo, akiwa musichana. Alipohamia huku, alikaa juu ya mizigo ya kamiyo njia yote, na kichwa cha mashini yake amekipakata kwenye mapaja, juu hakumwamini mutu. Ndiye alituambia korse imetoka wapi. Masista walikuwa na kitabu cha zamani chenye picha za wanawake wa Ulaya, kiuno kama cha nyigu. Ndani ya nguo zao walitia balene ya kweli, kitu kigumu kama kucha kinachoota kinywani mwa nyangumi.

Kulikuwa na binti tuliyekuwa tunajifunza naye, akauliza: "Mama, siye nyangumi hatuna. Mifupa ya samaki kapiteni ya Kasenyi haiwezi?"

"Inaweza," Mama Kahindo akamujibu, bila kuinua kichwa kwenye mashini, "kama unapenda paka afuate mariée mupaka kanisani."

Ndivyo alivyo. Anakufundisha huku anakucheka, na huwezi kusahau.

Alituambia tena kwamba wanaume nao walivaa. Maofisa wa jeshi, watu wa medali, ili tumbo lisiwatangulie kwenye paredi. Hiyo hakuna mutu anaisema. Baadaye nyangumi wakawa wachache, watu wakatia chuma. Kisha chuma ikahitajika vitani, na wanawake wakaachwa wapumue, na ukaja mupira unaovutika. Mambo ikaisha. Wazungu wenyewe walivua. Na siku hizi, wakati wao wameshavua, siye hapa Bunia ndiyo tunavuta kamba mupaka mukono unauma. Nilimuuliza juu ya nini.

Akasema: "Juu picha ya kwenye telefone haipumui, na wote banataka kufanana na picha."

Bon. Sasa kazi yenyewe.

Kabla niingie, Mama Kahindo alikuwa anatumia spoki za baiskeli. Ngumu, nyembamba, unazipata kila kona. Siku moja bibi arusi akakaa kwa commune, pale wanapoandikisha ndoa, mbele ya afisa wa état civil, ainame asaini. Alipoinama, spoki ikatoboa kitambaa na kutoka kifuani, ikamuelekea yule afisa kabisa. Afisa akarudisha kiti nyuma.

"Madame, hiyo iko nini?"

"Iko korse."

"Basi nayo ije isaini."

Tangu siku hiyo hakuna chuma kwa atelye. Tunatumia mikanda ya plastiki inayofunga balo za mitumba. Wauzaji wanaikata asubuhi sokoni na kuitupa chini, nyiye munaiokota, mutu asiwacheke. Lakini mukanda haukatwi na kutiwa hivi hivi. Muzungushe pembe zake kwa makasi, halafu mupitishe ncha kwenye muale wa mushumaa kidogo tu, ilainike, isiwe kisu. Na muangalie: huo mukanda umezoea mupindo wa balo, hautausahau. Ule mupindo lazima uelekee mwili. Ukiuelekeza nje, nimeshasema, pipa.

Kitambaa cha ndani mukate kufuata uzi, si mushazari. Mushazari unavutika, na korse inayovutika ni fulana. Kiunoni, kwa ndani, mushone utepe mugumu unaozunguka, ndio unabeba kazi yote. Kamba ianze juu na ianze chini, zikutane kiunoni, hapo muache vitanzi viwili vya kuvutia. Zipu hapana. Zipu inapasuka wakati wa kucheza, na haijawahi kupasuka nyumbani ambako hakuna mutu, inangoja wageni wote wawe wamefika.

Na hii ndiyo ningependa muishike kuliko zote: korse haipimwi kwa mutu aliyesimama. Bibi arusi akisimama mbele ya kioo, amevuta pumzi, anajiona malkia, anakuambia "kaza tena kidogo". Musimusikilize. Mumupe kiti. Akae. Akohoe. Ainue mukono kama anayesimamisha moto, pikipiki ya abiria, barabarani. Ainame achukue kitu chini. Mumuchekeshe. Kama hawezi kucheka, mumeshona sanduku.

Korse si kitu kibaya, musinielewe vibaya. Idi, yule motari wa njia ya Komanda, alikuja ameshika mugongo kama muzee. Kuendesha moto na mizigo kwenye ile barabara, mashimo ile, mugongo unakuwa kama kiti kilicholegea. Nilimushonea korse nyeusi, pana, mikanda minane ya balo nyuma na mbele laini, ya kufungia pembeni ili asisumbue mutu kumufunga. Wenzake wakamuona anaivaa pale kwenye kituo chao.

"Idi, umeanza kuvaa soutien ya matiti ya bamama?"

"Eeh," akasema, "na nyiye mutaniomba ya kuazima."

Waliiomba. Nilishona nyingi, zote nyeusi, hakuna aliyetaka ua.

Na bamama waliozaa. Nilipozaa, mama mukwe wangu alifika na maji ya moto na kikwembe, kitenge cha kunifunga tumbo, na mimi niliyekuwa na hasira na kila kitu cha kufunga tumbo nilijitayarisha kugombana naye. Kumbe huyo mama anajua. Alinifunga chini, kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Akaingiza vidole vyake kati ya kitambaa na ngozi kuona kama kuko nafasi. Usiku akanifungua. Nilijisikia kama mutu amenirudisha kwenye mifupa yangu. Kwa hiyo kufunga si kosa. Kosa ni mutu kujua kufunga na kutojua kufungua. Yule aliyepasuliwa kwa kuzaa, hapo musiguse mupaka infirmière, muuguzi wa hospitali, amesema. Na zile gaine za mupira za dukani, zinazouzwa kwa wasichana wa shule ili wapate "umbo", mukiniletea moja hapa nitaifungia mbuzi.

Sasa Dorcas.

Dorcas ni binti wa mama mumoja mwenye duka la bitenge, familia ya Butembo waliokuja Bunia kwa biashara. Kila kitenge kilichoshonwa kwa jina la ile nyumba kilipitia kwetu. Mukisikia Mama Kahindo anasema hawezi kuwakatalia, mujue ni hiyo. Dorcas alikuwa muchangamufu, anaongea haraka, anacheka kabla ya kumaliza kusema. Muchumba wake mwalimu, kijana wa Marabo, mutaratibu. Mahari imetolewa, kanisa imeandikwa. Mimba ilikuwa changa, hakuna mutu angeona. Halafu barabara ikafungwa. Familia ya kijana haikuweza kupita, arusi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Barabara inaweza kungoja. Tumbo haingoji.

Ile sheria munaijua. Bibi arusi mwenye mimba havai voile, ile shela ya kichwani. Hapiti katikati ya kanisa. Anakalishwa benchi ya pembeni, anabarikiwa mwisho, kwaya imenyamaza, na Jumapili nzima watu wanakula jina lake na chai. Bamama ya komite wanapita nyumbani wiki moja kabla, wanakaa, wanakunywa Fanta, wanamuangalia binti anavyosimama na anavyokaa. Bwana arusi hakuna anayemuangalia tumbo. Yeye hata angekuwa ameficha mutoto kila mutaa, suti inamutosha.

Na mimi wakati ule nilikuwa na mimba yangu, karibu sawa na ya Dorcas. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari, kwa hiyo yangu ilikuwa baraka, watu wanainama kuisalimia. Yake ilikuwa aibu. Tulisimama wawili katika kile kibanda cha pazia tunachopimia watu, matumbo yanagusana kwa ufinyu, mimi na mètre ya kupimia shingoni.

"Ya Neema, yako inacheza?"

"Inacheza kama mutu anatafuta kitu kimepotea."

"Yangu asubuhi tu. Asubuhi inacheza sana, halafu inalala." Akacheka. "Itakuwa mwalimu kama baba yake. Muchana hakuna kitu."

Nje ya pazia alikuwa amekaa Tantine Sifa, dada ya baba yake. Huyo ndiye alikuwa na arusi mukononi, kila kitu kilipitia kwake, mupaka rangi ya leso. Nilitoka na karatasi, nikamuchorea robe, gauni ya arusi, inayokatwa chini ya matiti na kuteremuka wima. Nzuri, ya heshima, haibani mahali.

"Ile iko robe ya mwenye mimba," akasema.

"Ndiyo, tantine. Juu iko na mimba."

Akaikunja ile karatasi yangu mara mbili.

"Neema," akasema polepole, "weye uko hapa kwa kushona, si kwa kutangaza."

Mama Kahindo akanivuta nyuma, kwenye mafurushi. Hakunigombeza. Aliongea kama anaongea na ukuta. "Kliyanti anasema kaza, tunakaza. Mimi nimefika hapa na mashini moja kwenye mapaja. Hawa watu ndio walinipa kazi ya kwanza."

"Na mutoto?"

"Mutoto ni wa kwao."

Najua alikotoka, najua ana watu wangapi wa kulisha, na bado kila nikiikumbuka ile sentensi natamani kupiga sufuria.

Bon, nikashona. Lakini nilishona vile ninavyojua mimi. Mbele, kwenye tumbo, sikutia mukanda wa balo hata mumoja, nilitia kitambaa cha kuvutika pande mbili. Na nyuma nilikata kubwa, mupaka zile kingo mbili zenye matobo ya kamba zigusane wakati korse bado iko legevu. Zikigusana hakuna pa kuvuta tena. Uvute na ng'ombe, haiendi. Juu yake robe yenye mikunjo mingi na maua makubwa tumboni, ambaye anataka kuona ataona, ambaye anataka kutoona atapata sababu. Nilimupa kiti, akakaa, akakohoa, akacheka. Dorcas kicheko chake hakikuhitaji kuombwa. Nikaona nimewashinda.

Nyiye bado hamujui tantines.

Siku ya arusi kwa kawaida fundi ndiye anavalisha. Anakwenda nyumbani na sindano, pini, makasi, uzi mweupe. Asubuhi ile nikapigiwa telefone: usije nyumbani, tukutane kanisani, ni kushika mukia wa robe tu. Nikafikiri wananionea huruma kwa hali yangu. Kumbe tantines walipoona kingo zinagusana na hakuna pa kuvuta, waliitisha mashini ya jirani, wakafumua mishono ya mbavuni, wakapunguza huku na huku, wakashona upya. Halafu wakavuta. Mumoja alikuwa ameweka goti mugongoni kwake. Hiyo aliniambia Dorcas mwenyewe, baadaye.

Nilimuona akishuka kwenye gari. Kiuno alikuwa nacho, kweli, picha zote zingekuwa nzuri. Lakini alikuwa anatembea kama mutu aliyebeba maji yaliyojaa mupaka ukingoni. Uso umepakwa, na chini ya ile poda rangi ya majivu. Hakucheka. Alinishika mukono, nikamusikia vidole baridi.

"Ya Neema," akanisemea kwa sikio. "Tangu asubuhi haichezi."

"Haikucheza hata kidogo?"

"Tangu banivalishe. Hata kidogo."

Pembeni ya kanisa kuko chumba ambamo kwaya wanaweka kanzu na ngoma. Nikamuingiza humo. Watu wanaimba tayari, wanatungojea mulangoni. Tantine Sifa akatufuata, akafunga mulango nyuma yake na kuuegemea.

"Munaenda wapi? Pasta amesimama."

"Namufungua."

"Neema, usiguse ile nguo."

"Tantine, mutoto hachezi tangu asubuhi."

"Batoto banalala. Hata yako inalala."

Yangu ilikuwa inapiga mateke wakati ule ule, mupaka nguo yangu inatikisika, na aliona. Nilimugeuza Dorcas. Kamba walikuwa wameifunga kwa fundo juu ya fundo, halafu wakaishona isilegee. Hakuna kufungua pale. Nikatoa makasi, nikaanzia chini nikapanda, kila kamba inapokatika inalia kama gitaa. Tantine Sifa alisema jina langu mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Korse ikafunguka. Mugongoni na mbavuni kulikuwa na alama za kila mukanda, nyekundu, za kuzama, ungeweza kuhesabu mishono yangu kwenye ngozi yake.

Nikatupa kanzu za kwaya chini, nikamulaza ubavu wa kushoto. Nikaweka mukono. Hakuna kitu. Nikausogeza. Hakuna kitu. Dorcas alikuwa ananiangalia mimi, haangalii tumbo, anasoma uso wangu, na mimi sijui kudanganya na uso. Nje kwaya wakamaliza wimbo, wakasita, wakaanza ule ule tena.

Mutu hawezi kuelewa hasira niliyokuwa nayo pale. Binti amelala juu ya kanzu za watu anaogopa hata kuvuta pumzi, na upande wa pili wa ukuta watu wenye viatu vya kung'ara wanamungojea apite ameficha kitu ambacho Mungu wanayemuimbia alikwisha kukiona.

Nikasikia mulango unalia. Tantine Sifa alikuwa ameuacha. Alipiga magoti kando yetu, na ile robe yake ya satini, akaweka mukono wake karibu na wangu.

"Dorcas," akasema. "Vuta pumzi. Vuta yote, mama. Vuta."

Dorcas akavuta. Akavuta tena.

Halafu Tantine Sifa akaondoa mukono haraka, kama aliyeguswa na moto, na kabla sijauliza nami nikasikia. Teke moja. Likafuata lingine, juu zaidi, la hasira. Dorcas akaanza kucheka na machozi yanashuka masikioni, na akasema, "Amechelewa kuamuka."

Robe haikuweza kufungwa tena. Mugongo ulikuwa wazi kutoka shingo mupaka kiuno, na tumbo lilikuwa mahali pake. Tukaangaliana. Tantine Sifa akasimama, akajifungua kile kikwembe cha bei alichotupia begani, kile ambacho alinunua kwa ajili ya siku hiyo, akamufunika Dorcas mugongo na kukifunga mbele, juu ya tumbo, fundo legevu.

Ndipo Mama Pasta, muke wa pasta, akaingia kuuliza tunangoja nini. Aliona kamba zilizokatwa chini, kanzu za kwaya, kikwembe, tumbo. Akavuta pumzi ya mutu aliyechoka.

"Bon," akasema. "Siye wote tulijua tangu siku ya mahari. Tulitaka tu musituonyeshe."

Nimekaa na hilo neno muda mrefu, na kila nikiligeuza linazidi kunichukiza. Wote walijua. Komite walijua na Fanta yao. Pasta alijua. Mama yake alijua, Mama Kahindo alijua. Hakukuwa na mutu hata mumoja wa kudanganywa katika kanisa lile, na ni kwa ajili ya huyo mutu ambaye hayuko ndiyo goti liliwekwa mugongoni.

Dorcas akatoa voile kichwani, pini moja moja, bila haraka, akamupa Mama Pasta. "Basi munishikieni, mama," akasema. Akatoka.

Alipita pembeni. Alikaa benchi ya pembeni, na yule mwalimu, mutu wa taratibu, akainuka mbele alipokuwa amesimamishwa, akaenda kukaa naye kule bila kumuuliza mutu. Wakabarikiwa mwisho. Kwaya walinyamaza, ni kweli. Mimi nilisimama nyuma na makasi bado mukononi, juu nilisahau kuiweka.

Jumatatu Mama Dorcas akaondoa bitenge vyake vyote kwa atelye na kuvipeleka kwa fundi mwingine. Hakunigombeza, hakunisalimia. Mama Kahindo akangoja aondoke, akafunika mashini yangu na kitambaa. "Enda uzae kwanza," akaniambia. Nikazaa. Hakuniita. Ndivyo mutu anaingia retraite hapa Bunia. Simuchukii. Aliyonifundisha yote nimewaandikia hapo juu, na munaweza kumuambia nimesema hivyo.

Kwa hiyo huyu wenu wa miezi mitano, mumukatie robe chini ya matiti. Tantine yake akisema ni robe ya mwenye mimba, mumujibu ndiyo. Akitoa kitambaa na kuondoka, aondoke. Akiwaambia mufumue mbavuni, munipigie, nitakuja na mutoto mugongoni. Na siku yenyewe fundi aende nyumbani kuvalisha, hata wakisema musije. Hasa wakisema musije.

Mimi siku ile ya arusi ya Dorcas nilikwenda mupaka kwenye karamu, ingawa hakuna aliyenialika tena. Nilikaa karibu na bafle, spika kubwa za muziki, ambako hakuna mutu anataka kukaa. Nimevalisha bamariée wengi, na wote kwenye meza kubwa ni vilevile: sahani iko mbele, wanasogeza wali kwa uma kutoka huku kwenda kule, wanatabasamu, chakula kinapoa, na jioni tunawafungua wanaanguka kitandani na njaa. Dorcas alikula. Alikula wali na majani ya sombe, akala kuku, akaweka uma chini akatumia mukono, kikwembe kinateleza begani. Alipomaliza aliangalia huku na huku kama mutu anayetaka kuomba na anaogopa kuomba. Tantine Sifa alikuwa amesimama nyuma yake. Akachukua ile sahani bila kuambiwa, akaenda kwenye sufuria mwenyewe, na akarudi nayo imejaa.